Nilitafuta "fidia", kumbe niliandika "watafidiwa"

Jamani, kuna siku mwandishi unatamani ardhi ipasuke uingie. Yangu ilikuwa mwaka 2018. Nilikuwa nimeandika habari ya wakazi wa mtaa mmoja wa pembezoni mwa Dar es Salaam, ambao nyumba zao zilipigwa alama ya X nyekundu kupisha barabara. Ndani ya habari ile nilimtaja ofisa mmoja akiwaahidi wakazi kwamba hakuna atakayevunjiwa nyumba kabla ya kupewa chake. Gazeti likatoka asubuhi. Saa nne hivi ofisa akapiga simu kwa mhariri: hajawahi kusema maneno hayo, popote pale, kwa mtu yeyote yule.

Mhariri hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Notsi zako ziko wapi?" Akanipa mpaka saa kumi na moja jioni.

Notsi nilikuwa nazo, hilo nilikuwa na uhakika nalo. Kinasa sauti sikuwa nacho siku ile, simu ilizima chaji katikati ya mkutano, lakini niliporudi nyumbani niliandika yote kwenye laptop yangu ya mtumba. Word ilikuwa inachukua dakika nzima kufunguka, kwa hiyo nilizoea Notepad. Unafungua, unaandika, unahifadhi, unalala. Tatizo lilikuwa jinsi nilivyohifadhi. Ngoja niwatajie baadhi ya majina ya mafaili, mcheke kidogo: mpya.txt, mpya2.txt, muhimu.txt, muhimu KWELI.txt, mkutano.txt (hili lilikuwa tupu), na asdf.txt. Yalikuwa zaidi ya 600. Tarehe ya mkutano nilikuwa siikumbuki, nilijua tu ulikuwa kabla ya mvua kubwa.

Nikaandika "fidia" kwenye kidirisha cha kutafutia. Yakaja mafaili chungu nzima ya habari nyingine. Lile halimo. Mwenzangu mmoja wa chumba cha habari akanionyesha jinsi ya kuunganisha mafaili yote yawe faili moja refu, nikajaribu tena humo. "Fidia", hakuna jipya. Nikajaribu "lipa", maana kama hakusema fidia basi alisema atalipa. Ndugu zangu, kama hujawahi kutafuta "lipa" ndani ya maandishi ya Kiswahili, usijaribu ukiwa na haraka. Nililetewa alipata, walipanga, nilipanda (daladala, tena mara nyingi), tulipaswa, mvulana aliyelipaka ukuta rangi. Neno "mkutano" ndiyo usiseme, mwandishi wa habari siku zake zote ni mikutano.

Saa kumi na moja ikafika. Kesho yake gazeti likaomba radhi, mistari minne, ukurasa wa tatu.

Usiku wa siku ya pili alikuja dogo mmoja wa jirani, anasoma kompyuta chuoni, alikuja kuazima chaja. Akanikuta nimeinamia laptop nikamsimulia. Akaniuliza, "Kaka, unatafuta neno gani?" Nikamwambia fidia. Akasema, "Sasa kama uliandika wamefidiwa?" Akakaa kwenye kiti changu, akafungua dirisha jeusi, akaandika mstari huu:

grep -E "fidi[aiw]|lipw" *.txt

Mistari ikashuka kwenye kioo. Wa kumi na kitu ulitoka kwenye asdf.txt: "Of.: wote watafidiwa kabla ya kubomoa, hakuna atakayeondoka hajalipwa."

Tazama vizuri mstari ule. Neno "fidia" halimo, kuna "fidiwa". "Lipa" halimo, kuna "lipwa". Hata "ofisa" halimo, nilifupisha. Nilikuwa nimeyaandika maneno yote niliyoyatafuta na hakuna hata moja lililokuwa katika sura niliyolitafutia.

Dogo aliondoka na chaja yake. Mimi nilibaki na swali ambalo limenikaa miaka kadhaa: hii grep ni kitu gani, na ilitoka wapi hata ikaweza kuona nilichoshindwa kukiona? Nimesoma kidogo kidogo tangu wakati ule. Historia yake ni tamu, na sehemu moja ni ya magazeti, kwa hiyo nina haki ya kuisimulia.

Tuanze mbali kidogo. Watu wamekuwa wakipotelewa na notsi zao tangu walipoanza kuziandika. Mwanafalsafa wa Kiingereza John Locke alikuwa na madaftari ya kunakilia alichosoma, na mwaka 1686 alichapisha kwa Kifaransa mbinu yake ya kuyapangia faharasa. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1706, yeye akiwa ameshafariki. Mbinu yenyewe ni rahisi: kila notsi ipe neno moja kuu, chukua herufi ya kwanza ya neno hilo na irabu ya kwanza inayoifuata, kisha andika namba ya ukurasa kwenye kisanduku cha herufi hizo mbili. Faharasa nzima inaenea kwenye kurasa mbili.

Niliijaribu kwenye daftari langu kwa wiki mbili. Haifai kabisa! Kiwanja, kijiji, kituo, kiongozi, kitambulisho, kisima, vyote vinaangukia kisanduku kimoja cha K na I. Vikiwa wingi, viwanja na vijiji vinahamia V na I. Ngeli nzima imebanana kwenye chumba kimoja kama abiria wa saa kumi na mbili jioni, na visanduku vingine havina mtu. Locke hakukosea, ila alikuwa anaishi ndani ya lugha ambazo mwanzo wa neno ndio unaobeba habari. Kwetu mwanzo wa neno mara nyingi unabeba sarufi: nani, wakati gani, ngeli gani. Habari yenyewe imekaa katikati. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Turuke sasa mpaka mwaka 1943. Marekani, Warren McCulloch na Walter Pitts wanaandika makala inayojaribu kueleza kazi ya seli za ubongo kwa hesabu za mantiki: seli inawaka au haiwaki. Mwaka 1951 mwanahisabati Stephen Kleene alikuwa akifanya kazi kwa taasisi ya RAND, akajiuliza mitandao ya seli kama hizo inaweza kutambua matukio ya aina gani. Ili kuyaeleza matukio hayo akabuni namna fupi ya kuandika ruwaza: hiki au kile, hiki kikifuatiwa na kile, hiki kikijirudia mara yoyote. Kazi yake ikachapishwa rasmi mwaka 1956. Yule nyota mdogo (*) anayemaanisha "mara yoyote" bado anaitwa nyota ya Kleene. Kleene hakuwa anafikiria kutafuta maneno ndani ya maandishi hata kidogo. Alikuwa anafikiria ubongo.

Aliyeitoa hesabu ile kwenye ubongo akaitia kwenye maandishi ni Ken Thompson. Mwaka 1968 alichapisha makala fupi ya jinsi ya kuifanya kompyuta itafute ruwaza za Kleene haraka ndani ya maandishi. Mwaka uliofuata, akiwa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu huko New Jersey, yeye na wenzake wakaanza mfumo wa Unix. Ndani yake aliweka programu ya kuandikia iitwayo ed. Wakati ule wengi hawakuwa na kioo, walikuwa na mashine inayochapa kwenye karatasi, kwa hiyo ukitaka kuona sehemu ya maandishi yako unaiagiza ikuchapie. Amri mojawapo ilikuwa g/re/p: pita faili zima, kila mstari wenye ruwaza hii uuchape. Hapo umeshaona jina.

Lakini bado ilikuwa amri ndani ya ed. Hapa ndipo magazeti yanapoingia.

Kati ya mwaka 1787 na 1788, wakati Marekani inabishana kuhusu katiba yake mpya, zilitoka makala 85 za kuitetea, nyingi zikichapwa kwanza katika magazeti ya New York. Zote zilisainiwa jina moja la bandia, Publius. Nyuma ya jina hilo walikuwapo watu watatu: Alexander Hamilton, James Madison na John Jay. Hamilton aliuawa mwaka 1804 katika pambano la bastola, na baadaye ikaonekana kuna makala 12 ambazo yeye na Madison kila mmoja alidai ni zake. Ubishi ukadumu zaidi ya miaka mia moja. Yaani wanasiasa kugombania nani alisema nini gazetini hakukuanza kwangu mimi na ofisa wangu, tofauti ni kwamba wale walikuwa wanagombania kukubali.

Mwaka 1964 wanatakwimu Frederick Mosteller na David Wallace walitoa kitabu chao. Waliacha hoja kubwa kubwa wakahesabu vijineno vidogo ambavyo mwandishi haviangalii anapoandika. Hamilton alipenda kutumia "upon", Madison alilitumia kwa nadra. Makala zile 12 zikaelemea upande wa Madison.

Miaka ya mwanzo ya 1970, pale Bell Labs, mtafiti aitwaye Lee McMahon alitaka naye kuzichambua makala hizo kwa kompyuta. Kikwazo kilikuwa kwamba ed inataka faili likae lote kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu ya kompyuta yao ilikuwa ya makumi ya kilobaiti tu. Makala za Publius hazikuenea. Anavyosimulia Brian Kernighan, aliyekuwapo pale, Thompson aliichomoa ile amri ya g/re/p kutoka kwenye ed akaifanya programu inayojitegemea, inayosoma mstari mmoja mmoja na kuuachia, kwa hiyo ukubwa wa faili haujali tena. Kazi ya usiku mmoja. Doug McIlroy, aliyekuwa mkuu wao, anasimulia tofauti kidogo: yeye ndiye aliyemwomba Thompson chombo cha kutafutia, na kesho yake akaletewa, kumbe Thompson alikuwa nacho siku nyingi kwa matumizi yake binafsi, usiku ule alikisafisha tu. Mimi naziamini simulizi zote mbili. Kazi nyingi za usiku mmoja zimeshakaa kwenye droo ya mtu. Kwa vyovyote, mwaka 1973 grep ilikuwa imeingia kwenye Unix, na mwaka 2003 neno lenyewe likaingia kwenye kamusi ya Kiingereza ya Oxford.

Sasa turudi kwenye lile la katikati ya neno.

Baada ya grep zikaja programu za kutafutia zenye akili zaidi, au tuseme zenye akili za Kiingereza. Mwaka 1980 Martin Porter wa Cambridge alichapisha kanuni za kukata miisho ya maneno ya Kiingereza ili walking, walked na walks yote yahesabiwe kama walk. Ilisaidia sana, imenakiliwa kila mahali. Nyingi ya programu tunazotumia kutafuta mafaili hujenga kwanza orodha ya maneno mazima, na ukiandika herufi chache hukuletea maneno yanayoanza na herufi hizo. Kwa Mwingereza ni sawa, maana kisu kinakata nyuma. Sisi neno letu linakua mbele na nyuma kwa pamoja: wa-ta-fidi-w-a. Ukikata nyuma peke yake bado una "watafidi" mkononi. Ukitafuta maneno yanayoanza na "fidi", hili linaanza na "wata".

Grep haijui lugha yoyote. Haijui hata neno ni nini, inaona herufi zimepangana kwenye mstari, basi. Na kwa sababu hiyo haina dharau na viambishi vyetu. Umpe "fidi" atakuletea fidia, wamefidiwa, hawajafidiwa, kufidiana, ufidiaji. Mabano ya mraba maana yake ni mojawapo ya herufi zilizo ndani. Fimbo iliyosimama ni "au". Ni ile ile hesabu ya Kleene ya seli za ubongo, imefika kwenye folda ya mwandishi wa Dar es Salaam asiyejua kutaja mafaili yake.

Wapo waliolifikiria Kiswahili chenyewe. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza tangu miaka ya 1980 kutengeneza programu ya kompyuta inayolichambua neno la Kiswahili kipande kwa kipande. Na kabla ya kompyuta tatizo hili lilikuwa limeshawakuta watunga kamusi. Kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903, na ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyojengwa juu yake, huwapanga watoto wa kitenzi chini ya mzazi wao: ukitaka "msomaji" nenda kwenye "soma". Nilipokuwa shule nilimlaani sana Johnson kwa hilo. Inabidi ujue sarufi kabla hujafungua kamusi! Leo namwelewa. Alikuwa anafanya kwa karatasi kile kile dogo alichofanya kwa mabano.

Usidhani lakini kwamba ni kutafuta shina tu halafu mambo yamekwisha. Jaribu "sem" ili upate alisema, hasemi, aseme, usemi na msemaji. Utavipata vyote, pamoja na Desemba yote ya kila mwaka. Ukiandika sem[aeiow] Desemba inaondoka, lakini semina inabaki, na nchi hii kwa semina mnaijua. Ukiandika "lip" ndiyo umekwisha, kila alipofika na nilipokuwa itakuja na ndugu zake. "Lipw" ni safi, ila itakukosesha malipo. Nimejifunza kwamba kabla ya kutafuta inabidi nikae nijiulize: siku ile, nikiwa nimechoka, ningeliandika neno hili katika sura gani?

Kuna na ugonjwa mwingine mdogo, wa king'ang'anizi. Kiswahili sanifu kwa herufi za Kirumi kina bahati: hakina herufi hata moja isiyomo kwenye ASCII, ile orodha ya alama 128 ambayo Wamarekani waliipitisha mwaka 1963. Hata ng' inaandikwa kwa alama ya kawaida iliyosimama wima. Lakini Word, kwa ukarimu wake, huipinda alama hiyo iwe kama mkia wa mkato. Kwa macho ni ile ile. Kwa kompyuta ni alama mbili tofauti kabisa, na utatafuta ng'ombe wako mpaka jua lizame. Mimi sasa naandika "ng.ombe", maana nukta kwenye ruwaza ni alama yoyote ile.

Bahati hiyo ya ASCII hawakuwa nayo mabibi na mababu wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Barua na tenzi zao hazikuwa na nafasi humo. Njia iliyozifungulia mlango pamoja na maandishi mengine ya dunia inaitwa UTF-8, na ilibuniwa jioni moja ya Septemba 1992 kwenye mgahawa huko New Jersey, juu ya karatasi ya kuwekea sahani. Wabunifu walikuwa wawili, Rob Pike na yule yule Ken Thompson. Waliipanga kwa namna ambayo faili la zamani la ASCII linabaki vile lilivyo, halibadiliki hata herufi. Ndiyo maana asdf.txt yangu inafunguka leo kwenye simu, wakati nina mafaili ya programu moja ya kulipia ya miaka ile ambayo hayafunguki popote.

Siku hizi folda yangu ni moja. Faili linaanza na tarehe, mwaka kwanza, 2018-03-14, ili yajipange yenyewe. Ukitumia Windows huhitaji dirisha jeusi: Notepad++, ambayo ipo bure tangu mwaka 2003, ina sehemu ya kutafuta ndani ya folda nzima na inakubali ruwaza hizi hizi. Na watu wananiuliza kuhusu zile programu mpya za kupangia notsi zenye michoro kama utando wa buibui. Ni nzuri. Angalia tu kama chini yake kuna faili la maandishi matupu unaloweza kuondoka nalo.

Nilimpelekea mhariri ule mstari, nimeuchapa na tarehe ya faili juu. Aliusoma mara mbili. Akasema radhi imeshaombwa, lakini akaniruhusu niwape wakazi nakala. Nilipiga nakala tatu, kamati yao ya mtaa ikaziambatanisha kwenye barua ya malalamiko.

Kabla sijazipeleka, mama mmoja wa kule alinipigia simu. Alikuwa amesoma ile mistari minne ya ukurasa wa tatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hata wewe umetukana?"

Nikamwambia nimeipata. Akaniomba nimsomee. Nikasoma polepole. Akakaa kimya, nikadhani mtandao umekata.

"Hapo mwanzo," akasema, "uliandika wote?"

"Ndiyo mama. Wote."

"Nisomee tena."